Kilo Zikipungua, Huenda Wapi?

Hadithi, hadithi! Itikieni: hadithi njoo, utamu kolea. Ule mwito wa "uwongo njoo" leo tuuache, wanangu, kwa sababu kila nitakachosimulia kilitokea kweli, na kingine kinatokea ndani ya miili yenu saa hii mnaposoma.

Alikuwapo daktari mmoja huko Italia, jina lake Santorio Santorio, aliyefundisha udaktari katika chuo kikuu cha Padua miaka mia nne iliyopita. Daktari huyu alitundika kiti kwenye mizani kubwa, akawa anakaa humo na kula humo. Alipima chakula na kinywaji kabla ya kukitia mdomoni, kisha akapima haja zote zilizomtoka, kubwa na ndogo. Akafanya hivyo mwaka baada ya mwaka, na kila mara hesabu ilikataa kulingana. Mwaka 1614 alichapisha kitabu, akaeleza kwamba mtu akila na kunywa ratili nane kwa siku, ratili tano hivi humtoka bila kuonekana, kwa njia ya ngozi na pumzi. Ni kitu gani hasa hicho kinachotoka? Santorio hakuwa na njia ya kujua, maana wakati wake hakuna aliyekuwa ameigundua oksijeni.

Nanyi nawauliza swali lilelile. Mtu mnene akipungua kilo kumi, kilo hizo zimekwenda wapi? Wengi watasema zimetoka kwa jasho. Wengine watasema mafuta yamegeuka kuwa misuli, na wengine kwamba yametoka chooni. Majibu yote matatu si ya kweli. Ili tulipate la kweli, tuyafuate mafuta tangu yanapoingia mwilini mpaka yanapotoka.

Tuanzie kwenye sinia. Umekula ugali, maharage na mchicha uliokaangwa. Tumbo na utumbo huvunjavunja vyote hivyo: wanga wa ugali huwa sukari, protini ya maharage huwa chembe ndogo za kujengea mwili, na mafuta huwa asidi za mafuta. Sukari inapopanda katika damu, kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo, hutoa homoni iitwayo insulini. Insulini huziambia seli za mwili zipokee sukari hiyo. Nyingine hutumika papo hapo, nyingine huwekwa katika ini na misuli kwa jina la glikojeni. Lakini nafasi ya kuwekea glikojeni ni finyu: ini la mtu mzima hubeba kama gramu 100, misuli yake yote kama gramu 400. Hiyo ni nishati ya kilokalori 2,000 hivi, inayomtosha mtu siku moja. Kinachozidi mahitaji hupelekwa kwenye ghala kubwa la mwili, yaani seli za mafuta.

Ukiitazama seli ya mafuta kwa hadubini utaona tone moja kubwa limeijaza karibu yote, na kiini cha seli kimesukumwa pembeni. Mfaransa Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyeishi miaka 102, ndiye aliyetufumbulia mafuta yameundwa kwa nini. Katika kitabu chake cha mwaka 1823 alionyesha kwamba mafuta ni muungano wa gliserini na asidi za mafuta. Ndani ya mwili, gliserini moja hushikana na asidi tatu, na katika umbo hilo mafuta hutulia ghalani yakisubiri siku ya kuhitajika.

Kwa nini mwili umechagua mafuta? Kwa sababu gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ilhali gramu ya wanga au ya protini ina 4 tu. Tena glikojeni haikai peke yake. Kila gramu hushika gramu tatu hivi za maji. Anayetaka kubeba nishati nyingi kwa mzigo mwepesi hubeba mafuta. Ngamia anajua hilo, maana nundu yake ni mafuta, wala si maji kama wengi wanavyodhani. Wanajua pia ndege wanaohama. Mwaka 2022 ndege mmoja wa pwani mwenye mdomo mrefu, ambaye hakuwa ametimiza hata nusu mwaka tangu aanguliwe, aliruka kutoka Alaska mpaka kisiwa cha Tasmania huko Australia. Alikwenda kilomita 13,560 kwa siku 11, bila kutua, bila kula. Chakula chake cha njiani kilikuwa mafuta aliyoyaweka mwilini kabla ya kuondoka. Wahenga walisema akiba haiozi.

Kwa hiyo, wanangu, mtu asiwafundishe kuyachukia mafuta. Hutukinga na baridi, huzizunguka figo zisiumie, hutusaidia kupata vitamini A, D, E na K. Mtoto mchanga huzaliwa na mafuta ya pekee yenye rangi ya kahawia, ambayo kazi yake ni kutoa joto, kwa kuwa yeye bado hajui kutetemeka vizuri. Msichana anapobalehe mwili wake huongeza mafuta nyongani na mapajani. Huo si ugonjwa wala si uzembe. Mwili unakua unavyopaswa kukua.

Taabu huanza ghala linapojazwa kupita kiasi kwa miaka mingi. Mafuta yaliyo chini ya ngozi ni mapole kidogo. Yale yanayojikusanya ndani ya tumbo, yakayazunguka matumbo na kuingia mpaka kwenye ini, ndiyo yenye madhara makubwa. Hufanya seli zisiisikie insulini, sukari ikabaki juu katika damu, presha ikapanda, moyo ukachoka. Zamani kitambi kilisifiwa kwa sababu kilikuwa dalili ya nyumba isiyojua njaa, na aliyekonda alihofiwa kuwa mgonjwa. Hofu hiyo ilikuwa na sababu zake. Leo, ukiingia kliniki ya kisukari mjini, utaelewa kwa nini tunapaswa kukitazama kitambi kwa macho mengine.

Sasa ghala hufunguliwaje? Hufunguliwa kila siku, hata usipojua. Unapolala usiku, au saa nyingi zikipita baada ya kula, insulini hushuka. Unapotembea au kucheza mpira, homoni nyingine iitwayo adrenalini hupanda. Hapo mafuta hutenganishwa tena, asidi za mafuta zikaingia katika damu na kupelekwa kwenye misuli, moyo na viungo vingine. Ndani ya seli za viungo hivyo zimo sehemu ndogo mno ziitwazo mitokondria. Humo asidi hukutana na oksijeni uliyoivuta kwa pua, na nishati hupatikana.

Aliyeanza kulifumbua fumbo hili alikuwa Antoine Lavoisier wa Ufaransa. Katika majira ya baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783, yeye na mwenzake Pierre-Simon Laplace walimweka mnyama mdogo aitwaye simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Wakapima barafu iliyoyeyuka kwa joto la mnyama huyo, wakapima na hewa ukaa aliyoitoa, kisha wakalinganisha na makaa yanayowaka. Lavoisier akatamka kwamba kupumua ni kuwaka polepole, bila mwali.

Basi hebu tumalize hesabu ya Santorio. Mwaka 2014 Ruben Meerman na profesa Andrew Brown wa Australia waliifuatilia kila atomu ya mafuta hadi inapotokea. Kilo 10 za mafuta zikitumika zote mwilini, huhitaji kilo 29 za oksijeni, na mwisho wake hupatikana kilo 28 za hewa ukaa na kilo 11 za maji. Katika zile kilo 10 za mwanzo, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi zikiwa hewa ukaa, na kilo 1.6 zilizobaki hutoka kama maji, kwa mkojo, jasho na mvuke wa pumzi. Jibu ndilo hilo: mtu anayepungua hupumua mafuta yake. Kabla ya kuandika matokeo, watafiti hao waliwauliza madaktari, wataalamu wa lishe na walimu wa mazoezi, na walio wengi hawakulijua jibu.

Lakini asije mmoja wenu akaanza kuhema kwa haraka ili apungue. Atapata kizunguzungu tu. Hewa ukaa huongezeka pale mwili unapotumia mafuta zaidi, na mafuta hutumika zaidi pale kinachoingia kinywani kinapokuwa pungufu ya kinachotumika.

Mtauliza: kama mambo ni mepesi hivyo, mbona watu wazima wengi hupungua, kisha wakarudi walikotoka, au wakazidi? Hapa ndipo hadithi inaponoga, kwa sababu mwenye ghala analilinda.

Mwaka 1949, katika maabara moja ya mji wa Bar Harbor, Marekani, walizaliwa panya wanene ajabu. Walikula bila kushiba. Wanasayansi wakasumbuka nao miaka mingi, mpaka mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake, jijini New York, walipogundua panya wale walikosa nini. Mafuta yenyewe hutoa homoni, wakaiita leptini, inayosafiri kwa damu hadi kwenye ubongo kutoa habari za akiba. Panya wale hawakuwa nayo, na ubongo wao uliamini wanakufa kwa njaa. Miaka mitatu baadaye madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja waliozaliwa na kasoro hiyohiyo. Njaa yao haikuwa na mwisho. Mmoja alipotibiwa kwa leptini, njaa ilitulia na uzito ukashuka. Kasoro hiyo ni adimu sana, lakini imetufundisha jambo linalowahusu watu wote: njaa hupangwa na ubongo na homoni, na watu hawakupewa njaa za kipimo kimoja. Anayemwita mwenzake "bonge" au "tipwatipwa" darasani hajui anachokizungumzia.

Mtu anapopunguza chakula ghafla, mafuta hupungua na leptini hushuka. Ubongo unapokea habari hiyo kama tangazo la njaa, na hujibu kwa nguvu. Hakuna walioonja jibu hilo kama vijana 36 waliojitolea katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1944. Vita Kuu ya Pili ilikuwa inaendelea, mamilioni ya watu walikuwa na njaa, na mtafiti Ancel Keys alitaka kujua jinsi ya kuwasaidia watakapookolewa. Kwa miezi sita vijana wale walipewa chakula cha nusu ya mazoea yao, huku wakitakiwa kutembea kilomita nyingi kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Miili yao ikaanza kubana matumizi: mapigo ya moyo yalipungua, wakasikia baridi hata wakati wa joto, wakachoka, wakawa wakali. Chakula kikawa mawazo yao ya mchana na ndoto zao za usiku. Wengine walisoma vitabu vya mapishi kama watu wasomavyo riwaya. Waliporuhusiwa kula watakavyo, walikula mno na bado hawakuridhika, na mafuta yao yakarudi kupita kiwango cha mwanzo.

Funzo la pili linatoka Stockholm, Uswidi. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, mataifa makubwa yalilipua mabomu ya nyuklia ya majaribio hewani, na aina ya kaboni iitwayo kaboni 14 ikaongezeka katika hewa ya dunia nzima. Mimea ikaivuta, watu wakala mimea, nayo ikabaki katika seli zao kama tarehe ya kuzaliwa kwa kila seli. Mwaka 2008 Kirsty Spalding na wenzake wa Taasisi ya Karolinska waliisoma tarehe hiyo katika seli za mafuta. Walikuta kwamba idadi ya seli hizo hupangwa utotoni na katika ujana. Kwa mtu mzima, asilimia 10 hivi hufa kila mwaka na mpya zikashika nafasi zake, hivyo idadi haibadiliki. Hata waliopungua sana baada ya upasuaji wa tumbo walibaki na seli zilezile kwa idadi, ila zimesinyaa. Aliyepungua, basi, ana maghala yale yale yakiwa matupu, tayari kujazwa. Akirudi kwenye mazoea ya zamani, uzito nao hurudi.

Sasa mnaelewa kwa nini tangazo la "punguza kilo saba kwa wiki moja" ni la kukimbiwa. Siku za mwanzo mwili hutumia glikojeni na kuyaachia maji yaliyoshikwa nayo. Mizani hushuka, mtu akafurahi, kumbe mafuta yaliyotoka ni kidogo. Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitaani nyingi humharisha mtu, na kuharisha hakugusi ghala la mafuta. Humpunguzia maji na chumvi anazozihitaji.

Njia ipo, nayo ni ya polepole. Huko Marekani watu 3,234 waliokuwa wamekaribia kupata kisukari waligawanywa katika makundi. Kundi moja lilifundishwa mambo mawili: kupunguza asilimia 7 ya uzito kwa kula vizuri zaidi, na kutembea au kufanya mazoezi mengine kwa dakika 150 kwa wiki. Walikuwa na mtu wa kuwafuatilia na kuwatia moyo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002. Watu hao walipungua wastani wa kilo 5 na ushee tu, wala hawakuwa wembamba. Hata hivyo hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58, kuliko hata waliopewa vidonge vya kisukari viitwavyo metformini, ambao hatari yao ilishuka kwa asilimia 31. Basi hizo kilo chache, wanangu, msizidharau.

Na mazoezi yana nafasi gani? Twendeni kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanakoishi Wahadzabe, ambao baadhi yao mpaka leo huwinda, huchimba mizizi, huchuma matunda na kurina asali. Wanaume wao hutembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake kama kilomita 6. Herman Pontzer na wenzake walipima nishati wanayoitumia kwa siku nzima, na mwaka 2012 wakatoa jibu ambalo halikutarajiwa: ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadzabe hawakutumia nishati zaidi ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wamekaa. Mwili wa mtu anayetembea sana hubana matumizi kwingine. Kwa hiyo mazoezi peke yake hupunguza kilo chache kuliko watu wanavyotumaini, na sahani ndiyo yenye neno kubwa. Ila mazoezi huimarisha moyo, huifanya misuli iisikie insulini, huleta usingizi mzuri, na kwa aliyekwisha kupungua humsaidia asirudi alikotoka. Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wachangamshe miili kwa dakika 60 kila siku. Kucheza rede, kuruka kamba, kuchota maji na kutembea kwenda shule, vyote vimo.

Ninyi mnaokua msijinyime chakula. Mifupa, ubongo na damu yenu vinajengwa sasa. Mtoto aliye mzito, mara nyingi kinachotakiwa ni uzito usiongezeke haraka wakati kimo kinapanda, na hilo lisimamiwe na mzazi pamoja na mhudumu wa afya. Mabadiliko yawe ya nyumba nzima, asitengwe mtoto mmoja akala mboga huku ndugu zake wakila chipsi.

Nyumba ianzie wapi? Ianze na vinywaji. Soda ya mililita 350 kwa kawaida ina sukari ya gramu 35 au zaidi, karibu vijiko tisa vya chai, na kimiminika hakimshibishi mtu kama chakula cha kutafuna. Maji yakae mezani, soda ingoje sikukuu. Chai iliyozoea vijiko vitatu ishushwe hadi viwili, ulimi ukizoea hadi kimoja. Mboga za majani na maharage yachukue nafasi kubwa ya sahani, na mlima wa ugali au wali upungue kidogo. Maandazi na chapati visiwe kifungua kinywa cha kila siku. Viazi vitamu, mihogo ya kuchemsha na mayai vipo. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu. Tuleni bila simu mkononi, na tulale mapema, kwa kuwa anayekosa usingizi huamka na njaa kubwa zaidi.

Msiyaanze yote kwa siku moja. Chagueni moja mnaloliweza hata katika wiki ya mitihani, hata wakati wa ugeni na harusi. Likishakuwa la kawaida, likafanyika bila mtu kukumbushwa, ongezeni la pili. Mwili unaotiwa njaa ghafla hupigana, lakini ule unaobadilishwa haba na haba haupati sababu kubwa ya kupigana. Na siku mkiteleza, mkala keki na pilau mpaka mkashindwa kuinuka, kesho yake rudini kwenye mazoea yenu bila kujiadhibu.

Basi jioni ya leo mpendekezee mama, baba au bibi jambo moja dogo. Wakiwauliza mtaanza lini, waambieni ni kwa chakula cha leo. Wakiwauliza mtamaliza lini, waambieni jambo hili halina siku ya kumaliza, na ndiyo sababu mmechagua lile ambalo nyumba nzima italiweza na kulipenda.